Punda wako kapasuka kwato? Ingia humu tuelekezane (Unguja na Pemba)

MtuWaUwandani

Assalaam alaykum wana jamvi. Humu kuku wana nyuzi zao, mbuzi wana zao, ng'ombe ndo usiseme, lakini punda anaetubebea mchanga, matofali, kuni na nazi hana hata uzi mmoja wa maana. Mie nnaendesha gari la punda huku Makunduchi na watu wa vijiji vya jirani wananiita niwakatie kwato punda wao, kwahiyo nimeona niuanzishe mwenyewe. Nitazungumzia kitu kimoja tu, nyufa za kwato, mana ukipita njia hii ya Paje kushuka mpaka Kizimkazi unakutana na punda kwato ya mbele imechanika mpaka katikati na mwenyewe yuko juu ya gari anatandika fimbo anasema punda mvivu. Yule si mvivu jamani, yule anaumwa.

Neno langu ni hili na nitalirudia mpaka mnichoke: kwato ikishapasuka pale ilipopasuka haiungani tena. Hakuna mafuta wala dawa itakayoushikanisha ule ufa. Ni sawa na ukucha wako, ukipasuka unasubiri uote uukate. Kwato mpya inatokea juu, pale nywele zinapoishia, inashuka polepole. Kwa farasi ni milimita 6 mpaka 10 kwa mwezi, punda yuko hapo hapo au chini kidogo. Ukihesabu kutoka kwenye nywele mpaka chini kwa upande wa mbele ni miezi 9 mpaka 12. Kwahiyo ufa wa sentimita 3 usitegemee utaondoka kabla ya miezi mitatu minne, hata uwe fundi namna gani. Kazi yetu sie ni kuhakikisha ile mpya inashuka nzima na ufa wa chini haupandi kuifata.

Na kinachoupandisha ufa ni uzito. Kwato ikiachwa ikarefuka, kila punda akikanyaga ile ncha ndefu inabenuka nje, na kila ikibenuka ufa unafunguka kidogo tena kidogo tena kidogo, kutwa nzima, na mzigo nyuma. Ndo mana mtu anapaka mafuta mwezi mzima ufa uko pale pale au umezidi. Amepaka juu, chini hajagusa.

Sasa kabla hujafanya lolote uangalie ufa umeanzia wapi. Ukianzia chini unapanda juu, huo mara nyingi ni wa kwato ndefu au iliyopanuka ubavuni, ndo mwepesi kuliko yote na ndo uliojaa hapa kwetu. Ukianzia juu kwenye nywele unashuka, huo ni mzito, mana mpaka wa nywele ndo kiwanda chenyewe cha kwato na ukiwa umejeruhiwa hapo kwato itaendelea kutoka na kasoro. Wa kulala, yaani unakwenda kulia kushoto, huo kwa kawaida ni alama ya jeraha la zamani au usaha uliotokea juu, na wenyewe unashuka na kwato mpaka unafika chini unakatwa. Kisha angalia kina. Ufa wa juu juu tu ambao hata ukiugusa punda hana habari, huo ni wa kukata na tupa. Ufa unaotoa damu, usaha, harufu, au ukibonyeza pembeni yake punda anavuta mguu, au ukiona akitembea kingo mbili za ufa zinacheza, huo si wangu mie wala wako, huo ni wa daktari wa mifugo.

Kwanini kwetu zimezidi? Mie nnaona mambo mawili yanakutana. Punda asili yake ni nchi kavu, mababu zake ni punda mwitu wa kule Eritrea, Ethiopia na Somalia, na kwato yake inanyonya maji zaidi kuliko ya farasi. Sasa mlete Zanzibar. Masika Machi mpaka Mei amesimama kwenye matope, au ndani ya banda lisilosafishwa, mkojo na mavi mpaka kwenye vifundo, kwato inalainika inakua laini kabisa. Kiangazi kikiingia upepo wa kaskazi unaikausha inakua ngumu inakatika. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, huko ndo kunakoichosha kwato, si ukavu peke yake. Halafu la pili huku kwetu uwandani ardhi yenyewe jiwe, lile jiwe la matumbawe lenye meno, punda anakanyaga kwa pembeni mguu mmoja na mzigo unamsukuma, kwato kama tayari ni ndefu lazima itachanika. Wenzetu wa mashamba ya udongo mzito kule Donge na Mwera wao wana shida nyengine, kwato hailiki, inarefuka tu mpaka inakunja kwa mbele.

Nitaelezea kukata chini hapo, nishike adhuhuri kwanza.

MtuWaUwandani

Naendelea. Vifaa: kichokoo cha kutolea uchafu (hata bisbisi butu inafaa ukiwa na mkono wa taratibu), brashi ngumu, koleo ya kukatia kwato, kisu cha kwato kile chenye ncha iliyopinda, na tupa kubwa. Asiye na koleo aanze na tupa peke yake. Tupa inachelewa lakini haikuingizi kwenye balaa, mana koleo ukikosea unakata nyama.

Msimamishe punda pahala pakavu pa bapa, umtazame kwanza kabla hujamshika. Kwa ubavuni utaona mstari wa mbele wa kwato na mstari wa mguu juu yake, pale baina ya kwato na kifundo, viwe vimelala sawasawa. Kwato ya punda imesimama zaidi kuliko ya farasi kwahiyo usijaribu kuilaza, watu waliojifunza kwa farasi wanaifanyia hivo. Kwa mbele uone upande wa ndani na wa nje zinalingana au moja imepanuka. Mara nyingi ufa uko upande ule uliopanuka, na hapo unakua umeshapata jawabu lako.

Nyanyua mguu, safisha, piga brashi mpaka uone wayo mweupe. Ukuta wa kwato ule wa pembeni ndo unaozidi kuliko wayo, hicho kilichozidi ndo chako cha kukata. Wayo wenyewe usiuchonge chonge, ule ndo unaomkinga na mawe, na ile nyama ngumu ya pembetatu katikati toa vipande vinavyoning'inia tu basi. Ukishasawazisha, pale ufa unapofika chini papige tupa kidogo zaidi, ubakie uwazi mdogo ufa usiguse ardhi. Halafu zunguka ukingo wote wa nje uuviringe, usiwe mkali, mana ukingo mkali ndo unaokamata kwenye jiwe. Ukimaliza hapo umeshafanya robo tatu ya matibabu ya ufa wa chini, na hujatumia dawa hata tone.

Kama kwato imekua ndefu sana usiirudishe siku moja. Kata kiasi, mpe wiki kadhaa, kata tena, mishipa ya mguu wake imezoea ule urefu. Baada ya hapo kila wiki 6 mpaka 10 mguse, ufa ukiwepo ziwe 6 au hata 4. Na gari lake lipunguzeni mzigo jamani, mchanga wa kukata mpaka juu na kwato iliyochanika havendi pamoja.

Kinyasini_Boy

Shukran sana sheikh kwa uzi. Mie swali, mzee wangu miaka yote anapaka oili chafu ya gereji kwenye kwato na anasema ndo inazuia kupasuka, na punda wake kweli si wabaya. Wengine hapa kijijini wanapaka na mafuta ya taa ukiwepo ufa. Unasemaje?

MtuWaUwandani

Kinyasini_Boy mheshimu mzee wako lakini oili chafu iacheni. Ile imetoka kwenye injini ina uchafu wa vyuma ndani yake, inaunguza ngozi pale kwenye nywele, na pale kwenye nywele nishasema ndo kiwanda. Mafuta ya taa ndo mabaya zaidi. Na kitu kizito hivo ukikipaka juu ya kwato chafu unafungia uchafu na unyevu ndani ya ufa, vidudu vinavyokula kwato vinapenda pahala hivo pasipo hewa. Kama punda wa mzee wazuri basi nna hakika kuna kitu chengine anafanya, pengine wanatembea sana njia kavu kwato zinalika zenyewe, au banda lake kavu. Muulize.

Mafuta ya nazi wakati wa kaskazi kwato zimekauka paka kidogo, hayadhuru. Lakini hayo ni ya kulainisha, ufa hauondoki kwa hayo.

bintMicheweni

Nami naomba msaada wenu. Punda wetu huku Wingwi alikwenda chopi ghafla, mguu wa mbele hata kuuweka chini hataki, tukadhani kavunjika. Baada ya siku ikatoboka juu hapa kwenye nywele usaha ukatoka, akapona akawa anatembea. Sasa kwato inashuka ina mstari wa kulala umechanika, na kila mtu anasema lake, mwengine anasema tuuchome moto kwa chuma usiendelee. Tufanyeje?

MtuWaUwandani

Dada yangu bintMicheweni msimchome! Nakuomba. Kuchoma kwato au juu ya kwato hakuzuii chochote, kunaharibu kiwanda na kumtesa mnyama bure.

Ulichokieleza ni kitu kinachofahamika vizuri. Alikanyaga jiwe, na huko Micheweni na Wingwi ardhi yenu uwanda mtupu, wayo ukaumia au ukatoboka, usaha ukajikusanya ndani. Kwato ngumu haitanuki, usaha hauna pa kwenda ukawa unambana ndo mana hakuweza kukanyaga, ukapanda juu ukatafuta pahala laini ukatoka kwenye nywele. Pale ulipotoka pameacha jeraha, kwato iliyozaliwa siku zile imetoka na pengo, na pengo hilo ndo huo mstari unaouona unashuka. Utashuka wenyewe. Kazi yenu ni kuuweka safi na kuangalia siku utakapokaribia chini, mana kipande cha chini yake kinaweza kumeguka, basi mkate vizuri mviringe ukingo usije ukachania juu.

Na siku nyengine akiwa chopi ghafla namna ile msisubiri utoboke wenyewe juu. Mwiteni mtaalamu aufungue chini kwenye wayo, kitundu kidogo tu, usaha ushuke. Kisha mguu unatiwa ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu na chumvi, unakaushwa, unafungwa pamba na bandeji na juu yake kipande cha gunia au mpira wa tyubu uchafu usiingie, na unabadilishwa kila siku.

Dokta_Wete

Nimefurahi kuona uzi huu, nipo kwenye fani na nataka niongeze mambo ambayo yakikosewa yanaua.

La kwanza pepopunda. Punda na farasi ni katika wanyama wanaopatwa na pepopunda kwa wepesi sana, na vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na mavi. Kitundu chochote cha kwato, ufa unaotoa damu, usaha uliofunguliwa, hapo ndo mlango. Akishakakamaa taya na masikio yamesimama ni shida kubwa kumuokoa. Kwahiyo ufa wa kina au jeraha la wayo, muulizeni daktari wa mifugo wa wilaya yenu kuhusu kinga ya pepopunda siku ile ile, msingoje.

La pili mrututu, ile dawa ya buluu ya chengachenga (kopa salfeti). Najua wengi mnautumia na ni dawa nzuri kwa ule uozo wa kwenye mstari mweupe (pale ukuta wa kwato unapokutana na wayo) na kwenye ufa mkavu wa nje. Lakini mrututu unaunguza nyama. Ukiutia kwenye ufa unaotoa damu unaua na seli zinazojenga kwato, na unachelewesha. Hapo safisha kwa maji ya chumvi, kausha, tia aidini ya vidonda, funga. Mrututu uwe wa sehemu zilizokufa tu.

La tatu dawa za maumivu. Msimpe punda kipimo cha ng'ombe wala cha farasi mlichokisikia kwa mtu. Mwili wa punda unazitoa baadhi ya dawa kwa kasi tofauti, kipimo na saa za kurudia zinabadilika.

La mwisho, punda anaficha maumivu. Farasi atakuonesha, punda atasimama kimya. Akiwa hali vizuri, analala zaidi ya kawaida, anahamisha uzito mguu huu kwenda huu, hiyo tayari ni kelele kwa lugha yake. Na punda aliyeacha kula kabisa ni dharura, hasa mnene na jike mwenye mimba, mana mafuta ya mwilini yanamiminika kwenye damu yanamharibu ini. Usilale hujapiga simu.

MtuWaUwandani

Dokta Allah akulipe kheri. Hili la pepopunda nilikua nimepanga kuliandika mbele, umelisema kuliko ambavyo ningelisema mie.

Chwaka_Kaskazi

Sie wazee wetu walikua na punda na hawakukata kwato hata siku moja na punda waliishi. Hii ya kukata kila wiki sita si mambo ya Wazungu na farasi wao?

MtuWaUwandani

Mzee wangu Chwaka swali lako lina haki yake na nitalijibu kwa kirefu.

Punda wa zamani alikua anatembea. Anabeba soji (mfuko wa mizigo wa punda) mgongoni kutoka shamba mpaka mjini, njia ya mawe na mchanga mkavu, kwato inalika kila siku kwa kiasi kile kile inachoota. Huyo kweli hahitaji koleo. Hata leo huku uwandani kuna punda nnawashika nakuta hakuna cha kukata, naviringa ukingo tu naondoka. Wa sasa wengi wanavuta gari kwenye lami na njia ya kifusi baadhi ya siku, halafu siku nyengine wamefungwa kamba fupi kwenye mnazi au bandani kwenye majimaji. Kwato inaota ile ile lakini kulika hailiki sawasawa, upande mmoja unaisha mwengine unabaki, na hapo ndo mpasuko. Kwahiyo si wiki sita kwa kila punda, ni kumtazama kila punda. Mie nimetaja wiki ili mtu asisahau mwaka mzima.

Na si ya Wazungu peke yao. Nendeni Lamu muone, wale wanaishi na punda kuliko sie, mjini hakupiti gari, na kuna kliniki ya punda tangu 1987 iliyowekwa na shirika la Uingereza The Donkey Sanctuary, na mie kukata nilijifunza kwa mtu wa Lamu. Wale ni Waswahili wenzetu na mawe ya matumbawe ni yale yale.

FarasiPwani

Nipo Kaskazini Unguja kwenye kazi ya farasi wa kupandisha wageni ufukweni. Mengi uliyosema ni sawa na kwa farasi, lakini nna la kuongeza na moja sikubaliani.

La kuongeza ni bahari. Watu wanadhani maji ya chumvi ni dawa ya kwato, wageni wanapenda kuingia na farasi baharini, picha nzuri. Tatizo si chumvi yenyewe ni ile asubuhi ndani ya maji, mchana kwenye jua na mchanga wa moto, jioni tena maji. Ule ule mchezo wako wa kulowa na kukauka lakini kila siku. Sie tukirudi tunasuuza miguu kwa maji baridi ya kisima, tunakausha, tunawasimamisha pakavu, na tunachokoa mchanga kila mara mana mchanga ukiingia kwenye ufa unasaga na kuupanua kwa ndani.

Nisichokubali ni kwamba ufa wote tupa inatosha. Farasi ni mzito, kilo 400 mpaka 500 na mtu juu. Ufa wa ubavuni unaofika kwenye nywele na kingo zinacheza, ukikata chini tu haitoshi, unahitaji kiatu cha chuma chenye vishikizo pande mbili za ufa ili kwato isifunguke, na fundi anaejua kuvigonga. Na farasi huyo apumzike, asipande mtu.

MtuWaUwandani

FarasiPwani hatugombani, mie nimesema ufa unaocheza ni wa daktari, na wewe umeeleza daktari na fundi watafanya nini. Kwa farasi nakubali kiatu. Kwa punda wetu wa kilo mia na kitu nnaona kiatu ni hatari zaidi ya faida, ukuta wa kwato yake mdogo, msumari ukikosea unaingia kwenye uhai, na viatu vyenyewe vya saizi yake utavipata wapi. Lakini la kupumzika nalishika kwa mikono miwili, na liwe kwa punda pia. Najua mtu atasema nikimpumzisha nitakula nini. Punda akifa huna kitu, na kumpata mwengine si mchezo, biashara ya ngozi imewamaliza bara mpaka Umoja wa Afrika Februari 2024 ukazuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

mtoto_wa_Fuoni

Habari zenu. Vipi kuhusu gundi? Nimeona video wanajaza ufa kwa gundi ile ya kuchanganya mbili inakua ngumu kama chuma wanapiga msasa inapendeza kabisa kwato mpya. Huku madukani ipo ya mabomba. Naweza kutumia?

Dokta_Wete

mtoto_wa_Fuoni kujaza kupo na ni tiba, lakini ulichokiona kwenye video ni hatua ya mwisho. Kabla yake fundi ameshachonga sehemu zote zilizooza mpaka akafika kwenye kwato nzima, amekausha, amehakikisha hakuna uozo wala usaha. Ukijaza ufa mchafu umevifungia vijidudu visivyotaka hewa ndani ya nyumba yao, utakuja kuona miezi miwili baadae kwato inalia uwazi ndani ukiigonga. Pia baadhi ya gundi zinapata moto zikikauka, kwenye ufa wa kina unachoma. Ya mabomba usitumie. Ufa wa juu juu hauhitaji gundi, wa kina hauhitaji gundi yako.

MtuWaUwandani

Hapo kwenye kugonga nataka watu washike. Ukigonga kwato kwa mpini wa kisu, sehemu nzima inatoa sauti nzito, iliyoliwa ndani inatoa sauti ya uwazi. Na ukinyanyua mguu ukitazama pale ukuta unapokutana na wayo, kuna mstari mwembamba mweupe unaozunguka. Ukiona mstari umepanuka, mweusi, unatoa unga au harufu, uozo uko hapo na unaweza kua ndo uliouzaa ufa. Huo unachokolewa wote utoke uonane na hewa, kavu, ndo mrututu alousema Dokta unapopata kazi yake. Masika hii nimeona mwingi sana.

bintMicheweni

Tumeshamwambia mwenye chuma aondoke nacho 🙏 Swali jengine, chakula. Tunampa pumba za mahindi nyingi ili apate nguvu na maganda ya ndizi. Nimesikia kuna vitamini ya kwato inaitwa bayotini, inafaa?

Dokta_Wete

Pumba nyingi punguza, dada. Punda kaumbwa kwa majani makavu ya nyuzi nyuzi, kidogo kidogo kutwa nzima. Pumba na vitu vya wanga vikizidi vinaweza kumletea uvimbe wa ndani ya kwato, ule unaowafanya wasimame wameegemea nyuma kukwepa ncha za mbele, na kwato inatoka na mapete mapete, mstari mweupe unapanuka, na hapo nyufa ndo nyumbani kwake. Nyasi kavu, mabua, maganda ya ndizi kiasi, maji safi na jiwe la chumvi la madini. Hiyo ndo lishe ya kwato.

Bayotini kweli imefanyiwa utafiti kwa farasi, miligramu 15 mpaka 20 kwa siku kwa farasi mkubwa, lakini matokeo yanaonekana baada ya miezi sita, tisa na zaidi, mana inasaidia kwato mpya inayoshuka, haibadilishi iliyokwisha kutoka. Ni ghali kwetu. Pesa hiyo ukinunua tupa na kusakafia banda lenye mteremko mkojo utoke, utapata zaidi.

Kinyasini_Boy

Nimemuuliza mzee. Kasema banda lake lina kifusi cha kokoto chini na analifagia kila alfajiri kabla ya kutoka. Kakubali kuacha oili, lakini kasema mafuta ya nazi hayanunui atakamua mwenyewe 😀 Sasa tatizo punda mmoja hakubali kunyanyua mguu wa nyuma, anarusha teke. Mnafanyaje?

MtuWaUwandani

Msalimie mzee sana, banda hilo ndo siri yake.

Teke: usianze siku ya kukata. Kwa siku kadhaa kila jioni baada ya kula mpitishe mkono tu, anza begani, pita mgongoni, shuka kwenye paja mpaka kifundo, akitulia ondoa mkono umuachie. Mkono uondoke wakati katulia, si wakati anarusha, mana ukiondoa akirusha umemfundisha kurusha. Usisimame nyuma, simama ubavuni karibu kabisa na paja umeelekea mkiani. Mguu unyanyue chini chini, punda ni mfupi na watu wanamvuta juu mpaka nyonga inamuuma, ndo anarusha. Akiwa na rafiki yake msogeze karibu, punda akimuona mwenzake anatulia. Usimfunge kamba ya pua wala usimtie mtu wa kumpinda sikio, atakubali leo, mara ya pili hashikiki.

Na kama alikua anakubali zamani na sasa hataki, basi mchunguze, pengine ule wa upande wa pili ndo unaouma na hawezi kuubebea uzito.

Kinyasini_Boy

Alikua anakubali. Nimeenda kumtazama sasa hivi, ule wa pili una ufa unaanzia kwenye nywele kabisa, hatukuuona kwa matope.

MtuWaUwandani

Basi tupa weka chini. Osha kwa maji safi, kausha, usitie kitu chochote ndani, msimamishe pakavu, gari asivute kesho. Asubuhi nendeni ofisi ya mifugo ya wilaya, mueleze ufa umeanzia juu na punda hataki kuusimamia, na muulize kinga ya pepopunda. Piga picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, simu iwe chini usawa wa ardhi, uziweke hapa na Dokta azione.

Dokta_Wete

Ziweke, nipo. Na shika pale nyuma ya kifundo kwa vidole viwili, kama mshipa unapiga kwa nguvu na kwato ina joto kuliko za miguu mengine, usingoje asubuhi, piga simu usiku huu.